Mihogo ya Ijumaa Kuu

Mwaka jana nilirudi Kasulu kwa harusi ya binti wa binamu yangu, na ndani ya mfuko wa zawadi tuliogawiwa akina mama nikakuta kijitabu chembamba chenye picha ya ufagio kwenye jalada. Kilikuwa na masomo thelathini ya kiroho yanayopatikana katika kazi za nyumbani, somo moja kwa kila siku ya mwezi. Kuosha vyombo ni kuungama. Kupiga pasi ni kunyoosha mwenendo. Kukata vitunguu nimesahau ni nini, ila kulikuwa na machozi ndani yake. Nilikisoma nikiwa nimekaa kizingitini, huku wanawake sita waliokodiwa kupika wakihangaika na masufuria ya pilau uani, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa kijitabu. Nikacheka peke yangu, kile kicheko changu unachokijua, kinachomfanya mume wangu aulize ni nani tena kaniudhi.

Usidhani nimeacha dini. Nasali, sadaka natoa, kwenye kwaya ya akina mama naimba sauti ya pili. Lakini mtu akianza kunieleza ufagio una maana gani, damu inanichemka, na wewe rafiki yangu umeniuliza mara nyingi kwa nini. Leo nakwambia. Ni habari ya mihogo, ya bibi yangu mzaa mama, na ya mwinjilisti mmoja ambaye sikuwahi kumwona akishika jembe.

Katikati ya miaka ya tisini baba alikuwa anafundisha shule ya msingi Kibondo, na nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili na watoto sita. Nilipofika miaka kumi likakatwa shauri niende Nyakitonto, huko Kasulu, nikakae na bibi ambaye alikuwa peke yake. Walisema naenda kumsaidia. Ukweli nilikwenda kupunguza sahani mezani, na bibi ndiye aliyenisaidia mimi.

Bibi alivuka kutoka Burundi mwanzoni mwa miaka ya sabini, mkono mmoja kamshika mama yangu, kichwani kabeba sufuria. Ukoo mmoja wa Waha ulimkatia kipande cha shamba pale kijijini, akalima, akabaki. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliweza kuomba chumvi na kugombana na watu bila mkalimani. Mpaka nafika mimi alikuwa amekaa zaidi ya miaka ishirini, amezalisha nusu ya watoto wa kitongoji, na wakubwa kwa wadogo walimwita Mama. Hakuwa na cheti cha uraia wala karatasi yoyote ya maana. Alikuwa na hilo jina tu, na kwa mtu wa asili yake, miaka ile, jina hilo ndilo lililokuwa kibali chake cha kuishi pale.

Asubuhi za kule zilikuwa za baridi. Ukungu ulijaa bondeni, tukishuka na ndoo majani yalitulowesha mpaka magotini, na kutoka kila boma ulisikia mchi ukigonga kinu. Tulirudi tukachoma viazi vitamu kwenye majivu, tukala na chai ya rangi, halafu kila mtu akashika lake. Jumamosi tulipaka sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, na mpaka leo nikisikia harufu ile mbichi najisikia nimefika nyumbani. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Alikushika mkono akakuonyesha, ukikosea akakushika tena, na ukikosea mara ya tatu akakupokonya na kufanya mwenyewe, akisonya.

Kazi aliyoijua kupita watu wote ilikuwa ya mihogo. Mihogo yetu mingi ilikuwa michungu, ile ambayo ukiila kabla ya kuivundika unaumwa, na mtoto anaweza kufa. Unaizamisha majini na maganda yake, unaigandamiza kwa mawe, unaiacha ilainike na sumu itoke. Siku ngapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wakati wa jua, siku tatu au nne. Wakati wa masika, maji ya mvua yanaposhuka baridi kutoka milimani, tano, sita, mara nyingine wiki nzima. Bibi alikuwa na shimo lake kando ya kijito. Alishuka, akazamisha mkono, akabonyeza kwa kidole gumba, akavunja muhogo mmoja na kuvuta ule uzi wa katikati. Uzi ukitoka mzima kwa mvuto mmoja, mihogo imeiva. Ukikatika, alirudisha mawe akapanda mlima.

"Haijakubali," aliniambia nikimuuliza, na hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote.

Ikikubali, ndipo tuliposherehekea. Tuliimenya kwa vidole tu, tukaitwanga mpaka ikawa donge jeupe linalonata, tukalifunga kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, tukapika kwa mvuke. Chakula hicho Warundi wanakiita ubuswage. Unakifungua, moshi unakupiga usoni na harufu ya majani, unakata kipande, unachovya kwenye maharage yenye mawese. Waha wa pale walikuwa watu wa ugali, lakini kila Pasaka kanisa zima lilimngoja bibi apike ubuswage, na wanaume wazima waligombania ncha zilizoungua.

Sasa nikuletee mwinjilisti. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini kutoka mjini Kasulu, shati jeupe, viatu vinavyong'aa hata masika, na viganja laini. Sikutanii, nilivigusa kila Jumapili wakati wa kusalimiana. Hakuwa na mke, kwa hiyo wasichana wa shule ya Jumapili tulipangiwa zamu: wawili wa maji, wawili wa kuni, mmoja wa kufua. Yeye alikaa kwenye kiti cha kukunja kivulini mwa nyumba yake, na malipo yetu yalikuwa masomo. Ulifika na ndoo kichwani, shingo inakuuma, naye anainua kidole usitue kwanza.

"Maji haya ni nini?"

Ukisema ni maji, umekosea. Yalikuwa Roho Mtakatifu, au ubatizo, au neno, kutegemea alichoamka nacho. Tulisimama pale mpaka mmoja wetu apatie. Kuni zilikuwa dhambi zinazongoja moto. Jivu lilikuwa unyenyekevu. Kung'oa magugu kwenye maharage yake, ambayo sisi ndio tulipanda na sisi ndio tulivuna, ilikuwa kujichunguza. Mwenzangu mmoja aliwahi kuuliza kama mwinjilisti naye hahitaji kujichunguza kidogo na jembe, akafukuzwa kwenye igizo la Krismasi.

Watu wazima walimpenda mno. Walisema anafumbua mambo. Na mimi, nikueleze ukweli maana nimekuahidi, nilimpenda kupita wote. Bibi alikuwa ananipa kazi tupu. Huyu alinipa kazi yenye maana, na kwa mtoto wa mwalimu aliyezoea kushika nafasi ya kwanza darasani, kupatia jibu na ndoo kichwani kulikuwa utamu. Nilikuwa hodari wa majibu yale. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nayapaza, natamani kujizaba kibao.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, wiki chache kabla ya Pasaka, mwinjilisti alipita bondeni akatukuta tunatoa mihogo. Aliuliza tunafanya nini, kana kwamba tangu azaliwe alikuwa anakula ugali uliodondoka mbinguni. Nikamweleza: unaingia na sumu, unagandamizwa kwa mawe, unakaa, unatoka ni chakula. Nikaona macho yake yanang'aa. Jumapili ile akatangaza kwamba Pasaka hii watoto wa shule ya Jumapili watazamisha mihogo mchana wa Ijumaa Kuu, baada ya ibada, na kuviringisha mawe juu yake. Alfajiri ya Jumapili tutayaviringisha mawe, tutaitoa, na kanisa litakula. Wanawake wakapiga vigelegele. Kiongozi wa watoto nikateuliwa mimi, mjukuu wa fundi.

Bibi hakupiga kigelegele. Jioni alimfuata mwinjilisti nyumbani kwake, nami nyuma yake, akabaki amesimama kwa adabu mbele ya kile kiti.

"Mtumishi, ni masika. Maji ni baridi."

"Ndiyo, Mama."

"Ijumaa mchana mpaka Jumapili alfajiri, mihogo italala majini mara mbili tu. Haitoshi. Itawadhuru watu."

"Ni siku ya tatu, Mama. Hata Bwana wetu alihesabiwa hivyo hivyo."

"Bwana wetu sawa. Muhogo hausali, mwanangu."

Alicheka, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma, akamwambia aongeze imani. Na Jumapili iliyofuata, bila kutaja mtu, akahubiri kwamba wako wenzetu waliokaa kanisani miaka mingi lakini bado wanamhesabia Mungu siku. Watu walimgeukia bibi. Bibi alikuwa anatoa mbegu za majani kwenye kitenge chake, moja moja.

Hakubishana tena. Jumatatu ya wiki kuu alijaza shimo lake mwenyewe kwa mihogo ya kutosha kanisa zima, akaniita. "Wacha watoto wafanye lao. Mtatoa, mtaonyesha watu, halafu mtarudisha majini. Ya kupika ni hii yangu. Jumapili itakuwa imekubali. Umesikia, mwana wanje, mwanangu?" Nikasema nimesikia. Akanirudisha kutoka mlangoni, akarudia yote tangu mwanzo.

Angekuwepo mwenyewe, yote yale yasingetokea. Lakini Jumamosi asubuhi aliletewa habari kwamba mdogo wake, ambaye alikuwa amevuka na wakimbizi wapya na kupewa nafasi kambini Mtabila, ameshikwa na homa kali. Akafunga unga na maharage kwenye kitambaa, akaondoka, akasema atarudi Jumatatu.

Jumapili alfajiri tulishuka bondeni tukiimba, mwinjilisti mbele na mwavuli. Tukaviringisha mawe. Yeye akahubiri pale pale kwenye tope, na alihubiri vizuri, sitamnyima haki yake: watu walilia. Mihogo ikapandishwa kwenye vikapu mpaka jiko la kanisa. Hapo nikamvuta kando nikamwambia bibi ameagiza ipikwe ile ya shimoni kwake.

"Sasa somo litabaki na maana gani, binti yangu, watu wakila mihogo mingine? Si tutakuwa tumewadanganya?"

Aliniuliza hivyo kwa upole kabisa. Halafu akanyoosha mkono kwenye vikapu. "Wewe ndiye fundi. Haya, ikague. Ikoje?"

Watoto wote walikuwa wananitazama. Nilichukua mmoja, nikabonyeza kama bibi. Ngozi ya juu ilibonyea kidogo, ndani ulikuwa mgumu. Nikauvunja, nikavuta uzi. Ukakatika. Nakumbuka kipande kile kifupi kilivyobaki katikati ya vidole vyangu. Nilikificha kiganjani nikasema, "Imeiva."

Tuliitwanga mimi na wasichana wakubwa wawili, kwa nguvu kweli kweli, maana haikutaka kulainika. Mama mmoja aliyekuwa anasimamia maharage alipita akachungulia kinu. "Mbona migumu hivi?"

"Bibi hufanya hivi wakati wa masika," nikamjibu. Akaridhika. Kwa mihogo, jina la bibi lilitosha.

Baada ya ibada tulikula kanisani, kwenye mabenchi, watu wapata themanini na watoto wao. Mikono ya kwanza ilipofika mdomoni nikaona nyuso zinakunjamana. Ulikuwa mchungu. Minong'ono ikaanza, mzee mmoja akaweka kipande chake chini. Mwinjilisti, kwenye meza ya mbele ambako kulikuwa na wali na mchuzi wa mbuzi, akamega kidogo, akaonja, akasimama.

"Wapendwa, mnaujua huo uchungu? Huo ndio uchungu wa msalaba. Tusiukimbie."

Wakacheka, wakasema amina, wakala. Wakamaliza! Mzee yule akaokota kipande chake akakitafuna macho yamefumba. Mwinjilisti akakaa, akarudi kwenye wali. Nimekutana na watu wengi wa hovyo tangu siku ile, wengine nimefanya nao kazi, lakini sijaona aliyefikia pale: kumfanya mtu ameze kitu ambacho ulimi wake mwenyewe unamkataza, halafu aseme amina.

Haikupita saa moja. Walianza watoto, kichwa kinauma, kizunguzungu, halafu kutapika. Wakafuata wanawake. Kanisa likawa sakafu ya matapishi, watu wamelala kati ya mabenchi wakishika matumbo. Mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mvulana wa miaka minne ambaye bibi alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa, alilegea kabisa, macho yamegeuka. Mama yake alikuwa anapiga yowe moja tu la Kiha la kuwaita watu, "Yemwe! Yemwe!" Mwinjilisti alikuwa anaomba kwa sauti kubwa, ameinua viganja vyake laini.

Aliyeleta akili alikuwa Mwislamu mwenye duka barabarani, mtu wa asili ya pwani. Alisikia kelele, akaja na kanzu yake, akatazama. Hakuuliza maana ya kitu chochote. Alisema, "Pakieni," akaleta pikapu yake ya kubebea mafuta ya taa, akapakia watoto kumi na mbili na mama zao, akaendesha kwenye tope lile mpaka hospitali ya mjini. Waliobaki tulipewa maji ya sukari kutoka dukani kwake. Mimi sikuumwa sana. Nilikuwa nimekula kipande kidogo kupita wote, kwa kuwa nilikuwa najua.

Hakufa mtu. Yule mvulana alikaa hospitalini siku tano akarudi. Lakini kabla hata pikapu haijarudi, swali lilikuwa limeshaanza kuzunguka uwanjani. Nani alipika? Ubuswage ni wa nani? Wengi walikuwa wamemwona bibi akijaza shimo lake kwa ajili ya sikukuu, wakadhani ile ya watoto ilikuwa ya maonyesho tu. Mama wa maharage akasema mwenyewe aliambiwa ndivyo anavyofanya yule bibi. Na yuko wapi huyo bibi siku ya sikukuu? Ametuachia chakula, ameenda kambini kwa wenzake. Mpaka jua linazama nilikuwa nimesikia neno ambalo sikuwahi kulisikia kijijini likisemwa juu yake. Hakuwa Mama tena. Alikuwa "yule Mrundi."

Bibi alirudi Jumatatu mchana. Kabla ya kuingia ndani alipitia bondeni, kama kawaida yake. Akapanda mikono yake imelowa mpaka viwikoni, akasimama mbele yangu.

"Mihogo yangu yote iko majini. Laini kabisa. Mlipika nini?"

Nikaangua kilio. Hakunipiga. Aliuliza maswali mawili tu: kama mtoto wa jirani yu hai, na kama uzi ulikatika. Nilipomjibu la pili alifunga macho. "Mawe we," akasema taratibu, kwa Kirundi, kama anayesema mama wee. Halafu akaenda kwa jirani na kikapu cha mayai kwa ajili ya mgonjwa. Alirudi nacho kimejaa vile vile.

Jumanne tuliitwa kanisani. Sakafu ilikuwa imesuguliwa lakini bado inanuka. Wazee wa kanisa mbele, mwinjilisti pembeni yao, kijiji kizima kwenye mabenchi. Mzee wa kanisa, mtu mwema aliyekuwa bado mnyonge kwa kutapika, ndiye aliyeuliza.

"Mama, hatukuhukumu. Watu wanataka kujua tu. Ile mihogo iliyopikwa ilikuwa ya nani?"

Nilimtazama mwinjilisti. Yeye alijua kila kitu. Alijua aliambiwa maji ni baridi, alijua kulikuwa na mihogo mingine imeiva, ingali pale pale majini, mtu yeyote angeweza kushuka akaiona. Nilikuwa na hakika atasimama, kwa sababu nilimwamini kuliko mtu yeyote. Alikuwa anatazama vidole vyake. Nikangoja. Kisha nikagundua kwamba yupo mwingine anayejua kila kitu, na ni mimi. Bibi akageuza shingo akanitazama. Nadhani aliona ninafungua mdomo, au aliona kwamba sitaufungua. Sikuwahi kumuuliza.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Nilikosea siku."

Kanisa likashusha pumzi. Hapo ndipo mwinjilisti aliposimama, akaweka kiganja juu ya kichwa cha bibi yangu, akaomba kwa dakika nyingi Mungu amsamehe mama huyu mzembe na aliponye kundi lililokwazwa kwa ajili yake. Bibi alikuwa amepiga magoti. Magoti yake yalikuwa mabovu, nikayasikia yakilia wakati wa kushuka.

Walimsamehe, ndiyo. Walimsamehe kila siku. Jirani aliacha kumtuma mtoto kuomba moto kwetu. Kanisani benchi letu likawa na nafasi pande zote mbili. Mjamzito mmoja wa kitongojini alipopata uchungu, mumewe alipita mbele ya mlango wetu akaenda kumwita mkunga wa kijiji cha pili, na mvua inanyesha. Watoto waliambiwa wasipokee kitu mkononi mwake. Na miaka ile watu walikuwa wanaulizana sana nani ni wa wapi; mtu aliyeitwa Mrundi Jumapili, Jumatatu aliulizwa karatasi. Bibi alivumilia mpaka mavuno ya maharage. Kisha akauza kuku wake, akakunja mikeka, akanirudisha Kibondo kwa baba na mama, akaenda Mtabila kukaa na mdogo wake. Mwanamke aliyelima shamba lake kwa zaidi ya miaka ishirini akaenda kupanga foleni ya unga akiwa na kadi mkononi.

Mwinjilisti? Alipanda cheo. Nasikia Pasaka iliyofuata alifanya lile lile somo, ila kwa mihogo mitamu, na aliongeza sehemu mpya kuhusu madhara ya haraka. Haraka ya bibi yangu.

Likizo ya mwaka uliofuata baba alinipeleka kambini kumsalimia. Alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda cha udongo, kakonda, anachambua kunde. Baba alipoenda kutafuta maji ya kunywa nikamuuliza kwa nini alisema ni yake. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyekosea kupaka sakafu.

"Ungeitwa msichana aliyewalisha watu sumu. Nani angekuposa? Mimi nilishaolewa, nikazaa, nikafiwa. Jina baya lingenifanya nini?" Akachambua kunde kidogo. "Chumvi umeleta?"

Nilikuwa nimeleta. Ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo lile. Alifariki kule kule, nikiwa kidato cha pili Kibondo, na kambi ilipofungwa vibanda vilirudi kuwa udongo na nyasi zikaota juu. Nimekwenda mara mbili kutafuta kaburi, sikulipata. Nyakitonto nako shimo lake limefukiwa, watu wanafyatua matofali kando ya kijito, na mihogo mingi siku hizi wanakausha na kupeleka mashine. Ubuswage unaweza kuupata sokoni Kasulu, umefungwa kwenye nailoni. Niliuonja. Sikumaliza.

Habari hii niliwahi kumsimulia mtu mmoja tu kabla yako, mchungaji wetu wa sasa, kijana mzuri, mcha Mungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, kisha akanishika mkono. "Dada, hili ni somo kubwa sana. Unaona bibi yako alivyobeba kosa ambalo si lake? Naomba nilitumie Ijumaa Kuu." Nikamwambia akithubutu nitasimama katikati ya ibada na kutoka. Maskini, hakuelewa kanikosea wapi. Lakini wewe usinifanyie hivyo. Bibi yangu hakuwa mfano wa kitu. Alikuwa mwanamke mwenye magoti mabovu, aliyejua kuvundika muhogo, na aliyesema uongo mbele ya watu waliokuwa wakimwita Mama. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo nilikuwa nao.